Kiti cha Mbele cha Pijo

Baba mkwe wangu aliitwa Ambindwile. Nimelitaja jina lake kusudi, na mwenye kukasirika akasirike. Kwa miaka kumi na sita niliishi nyumbani kwake Lufingo bila kulitamka, hata nilipokuwa peke yangu shambani na hakuna wa kunisikia. Ukiona leo nalitaja bila kupepesa macho, ujue kuna gari lililopita kati yetu.

Asiye wa kwetu itabidi nimweleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana, yaani mke wa mtoto, hamtazami baba mkwe wake, wala yeye hamtazami mkamwana. Tukikutana njiani, mimi ndiye wa kuingia migombani, nijifunike khanga mpaka usoni, nichuchumae na kumpa mgongo hadi apite. Alipokaa yeye sikai. Nilipokaa mimi hakai, hata kama ni kigoda, maana kukalia pale alipokalia mkamwana ni aibu kubwa kwa mzee anayejiheshimu. Chakula changu alikula, lakini kilimfikia kwa mikono ya mama mkwe, Atuganile. Mchungaji alikwisha kusema madhabahuni kwamba si dhambi kuiacha mila hiyo. Mzee aliitikia amina pamoja na wenzake, akarudi nyumbani akaendelea nayo, na mimi nikaendelea kuchuchumaa.

Kilichonifanya nivumilie ni chai. Meshaki, mume wangu, alipewa na baba yake kipande cha chini ya migomba ambacho hakuna aliyekitaka, kimejaa magugu na mawe. Meshaki ni mtu mwema, mwimbaji wa kwaya, hajapata kumjibu baba yake tangu azaliwe. Miaka michache baada ya Uhuru nilikisafisha kile kipande kwa jembe, binti yangu Tupokigwe akiwa mgongoni, nikapanda miche ya chai. Wakanicheka kwamba chai ni kilimo cha wazungu. Haya. Muda ukapita, lori la kiwanda likaanza kusimama barabarani kupokea majani mabichi, na wale waliocheka wakaja kuniuliza miche niliipata wapi. Kwa chai ile watoto wangu walisoma, walivaa, na walilala wameshiba. Ardhi ilikuwa ya mzee, sikatai. Lakini hapakuwa na shina hata moja pale ambalo sikulipanda kwa mikono yangu.

Ndipo akaja Ndugu Ackson. Alikuwa mzaliwa wa Kinyala, mkubwa katika ofisi moja kule Mbeya ambayo sitaitaja, maana ofisi haikunikosea, aliyenikosea ni yeye. Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kutoka, nalo lilisema kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiajiri vibarua shambani kwake. Ndugu Ackson alilihubiri Azimio vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumsikia. Ukimsikiliza unatamani kuvua shati umpe. Ila roho yake ilikuwa kwenye chai, na kwa kuwa yeye asingeweza kuonekana na shamba la vibarua, alitaka liwe kwa jina la shemeji yake. Cha kubadilishana alikuwa nacho: Pijo 404 nyeupe aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarejea kwao, gari la zamani lakini bado linang'aa. Mzee atoe chai ya chini ya migomba, apewe Pijo. Wakapatana Jumamosi gari liletwe, litazamwe, na mipaka ya shamba ikanyagwe siku hiyo hiyo.

Mimi sikuambiwa. Aliyeniambia ni mama mkwe, tumekaa jikoni tunamenya ndizi.

"Mama Tupokigwe," akasema bila kuinua macho, "wanaitoa chai."

Nilidhani nimesikia vibaya. Aliponieleza yote, niliiacha ndizi nusu imemenywa. Nikamfuata Meshaki. Akatazama vidole vya miguu yake, akasema ardhi ni ya baba, na baba magoti yamemwisha, kanisani Tukuyu hafiki tena, na yeye Meshaki aliwahi kuendesha lori la ushirika, kwa hiyo atamwendesha. Nikamuuliza watoto watakula usukani. Basi nikamwambia kama chai yangu ni lazima iondoke, angalau nisikilize hiyo injini kwanza, maana yeye anajua nimelelewa wapi.

Nimelelewa Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa. Baba yangu, Nsajigwa, alikuwa anatunza injini ya pampu iliyotoa maji shimoni. Injini ile ikizimika, maji yalipanda na watu walikuwa chini. Kwa hiyo baba alipolala, mimi au dada yangu tulikaa kuisikiliza, na ikibadilika sauti tunamwamsha. Nilijua pumzi zake kama ninavyozijua za watoto wangu. Baba alikuwa na neno lake moja ambalo alilirudia mpaka tukalichoka: injini ikiwa moto husema uongo, iulize ikiwa baridi. Pistoni zilizolika, alisema, hugonga asubuhi zikiwa baridi, zikishapata moto hutanuka zikanyamaza, na mjinga akapita akazisifu.

Meshaki alikubali kulifikisha ombi langu. Alilifikisha kwa sauti ndogo mno, kwa sababu jibu lililorudi lilikuwa la Ezron, mdogo wake mzee, ambaye kwangu naye ni baba mkwe. Aliuliza tangu lini mkamwana akaitwa kuchagua ng'ombe.

Na kwa kweli waliichagua kama ng'ombe. Jumamosi ilipofika mvua ilikuwa ya manyunyu, ile ya kwetu isiyoisha. Pijo ilishuka kutoka barabarani ikaingia uani, na nilipotazama kutoka migombani nikaona mvuke unapanda juu ya boneti lake. Injini ilikuwa moto kabisa. Ndugu Ackson alikuja nayo moja kwa moja kutoka Mbeya bila kupumzika, tena aliigeuza akaiegesha pua ikitazama mteremko na mkia ukiwa umeingia migombani, karibu na mahali nilipojificha. Wanaume wakaizunguka. Ezron aliipapasa ubavu. Mwingine aliinama akatazama meno ya mbele, akasema bado hajazeeka. Wakaisukuma kidogo kuona kama inasimama imara miguuni. Mzee Ambindwile alikaa kwenye kigoda chake barazani, mikono juu ya fimbo, na nilijua anatabasamu kwa jinsi wenzake walivyokuwa wanamtazama na kucheka.

Boneti likafunguliwa. Ndani mlikuwa mmeoshwa kwa mafuta ya taa, kila chuma kinameremeta, na wote wakaguna kwa kuridhika. Mimi nikasema moyoni, mgonjwa kapakwa mafuta. Kisha Ndugu Ackson akawasha, akakanyaga mafuta, injini ikaunguruma kwa sauti nzito na laini. Nzito mno. Aliitia oili nene, ile ya kuzifunga pistoni midomo zisigonge, nikaitambua kwa jinsi injini ilivyokuwa inavuta pumzi kwa shida. Na moshi, ambao wao mbele hawakuuona, ulinijia mimi usoni. Ulikuwa wa bluu na uliwasha macho. Injini ile ilikuwa inakunywa oili, ringi za pistoni zimekwisha. Pijo si gari baya, nisije nikasingizia waliolitengeneza. Hii ilikuwa imechoka na haikupata wa kuitunza.

Nikamwita mama mkwe kwa mkono. Nikamwomba awaambie jambo moja tu: wazime, waache gari lipoe mpaka jioni, kisha liwashwe tena na lipandishwe ule mteremko hadi barabarani. Atuganile alikwenda akasema neno kwa neno. Ndugu Ackson akacheka, akamwambia mama, gari si uji, halipoozwi. Wengine wakacheka pia. Ezron akasema twendeni basi tukakanyage mipaka kabla mvua haijakolea. Mzee aliishika fimbo yake. Aliinuka kutoka kwenye kigoda, akasema kwanza anataka kuonja kiti.

Alikuwa amebakiza hatua chache kuufikia mlango. Niliona nyuma yangu, chini ya migomba, kijani cha chai yangu, na niliona kwamba nikiendelea kuchuchumaa pale nitakuwa nimeshiriki kuitoa. Nikaivuta khanga ikanifunika mpaka kidevuni. Nikainamisha kichwa kama nilivyofundishwa. Nikatoka migombani, nikazunguka Pijo kwa heshima zote bila kumtazama mtu, nikafungua mlango wa mbele, nikakaa kwenye kile kiti, nikafunga mlango.

Sikuona yaliyotokea, lakini niliyasikia. Nilisikia fimbo ikianguka. Nilisikia miguu ya mzee, ile isiyoweza kufika kanisani, ikikimbia hadi nyuma ya zizi. Ezron aligeuka ghafla kunipa mgongo, akajigonga kwenye nguzo ya baraza, na mtu mmoja akashindwa kuzuia kicheko. Kisha yakabaki manyunyu tu juu ya bati la gari.

Ndugu Ackson alikuja dirishani akaniamuru nitoke. Nikamwambia sijavunja kitu. Nimejifunika, sijamtazama mzee, sijamsemesha. Kama kuna mila inayokataza mkamwana kuingia ndani ya gari, anitajie. Haikuwapo, kwa sababu walioiweka mila hawakuyajua magari. Ila iliyokuwapo kila mtu uani pale aliijua: kiti kile sasa kilikuwa kimekaliwa na mkamwana, na mzee Ambindwile asingekikalia hata kwa mtutu wa bunduki.

Meshaki akaja. Maskini, alikuwa amelowa, na uso wake ulinihurumisha. Aliniambia mke wangu, unaniua. Nikamwambia sikuui, nakutunzia watoto, na kama ana ulimi aende akawaambie waliache gari lipoe. Akarudi barazani.

Basi Ndugu Ackson, ambaye hakufika ofisini kwake kwa upumbavu, akapata akili. Akapaza sauti ili mzee amsikie kule nyuma ya zizi: kwani wakubwa hukaa mbele? Mawaziri wote hukaa nyuma, mbele ni pa dereva na mtu wa kubeba mkoba. Neno hili lilipendwa. Nilisikia mzee akiguna kule aliko, na Ezron akasema kweli, hata katika picha ni hivyo. Wakati wanakubaliana, mimi nilipita katikati ya viti, nikahamia nyuma, nikakaa upande wa kulia. Nikakaa kidogo. Kisha nikasogea upande wa kushoto. Nikalala kidogo hapo katikati ili pasibaki mahali pa kubishania.

Mama mkwe alikuwa mlangoni pa jiko na nilimsikia akijikohoza kwa namna ambayo haikuwa kikohozi.

Baraza likaanza. Ezron, akiwa amenipa mgongo, alimtuma Atuganile kwangu: nitoke, nilete kuku na chungu cha pombe, viti vioshwe, mambo yaishe. Nikamrudishia Atuganile: kama aibu huoshwa kwa maji, mbona kila mkamwana akikosea hutozwa ng'ombe, au maji yamegunduliwa leo kwa ajili ya Pijo? Akaenda, akarudi. Akaenda tena. Mwingine akashauri viti ving'olewe, viwekwe vya mbao. Mwingine akauliza mzee atakwendaje Tukuyu amekaa juu ya mbao iliyo juu ya mahali alipokaa mkamwana, si ni palepale tu. Hilo nalo likajadiliwa kwa urefu. Mimi nilikuwa ndani, kavu, naona kupitia upenyo wa khanga jinsi mvuke ulivyopungua juu ya boneti, ukawa mwembamba, ukaisha. Mvua na baridi ya mlima Rungwe vilikuwa vinanifanyia kazi yangu.

Ndugu Ackson alikuwa mtu wa mjini, na watu wa mjini hawana subira ya baraza. Alasiri ilipofika alisimama katikati ya ua akaanza kuhutubia. Akasema Taifa linajengwa, hatuwezi kubaki nyuma kwa ajili ya mila potofu. Akasema mzee anayemkimbia mwanamke aliyejifunika shuka ni kichekesho, ajitokeze akae popote ndani ya gari lake, baba mkwe na mkamwana wote ni ndugu katika ujamaa.

Kutoka nyuma ya zizi ikaja sauti ya mzee, taratibu, kwa Kiswahili chake kizito.

"Nani kichekesho?"

Wanaume barazani wakainamisha vichwa. Hata mimi niliinama zaidi. Nilimchukia mzee yule kwa ajili ya chai yangu, lakini kumsikia mtoto wa Kinyala anamwita kichekesho uani kwake kulinichoma, na ninakiri kwamba hilo lilinishangaza.

Ndugu Ackson aliona amejikwaa ulimi. Akakasirika, na hasira ikanifanyia nilichokuwa nimekiomba tangu asubuhi. Akasema kama hawalitaki gari lake analiondoa, na huyu mwanamke aliyemo ataipata safari ya bure mpaka polisi Tukuyu. Akaingia kwenye usukani, akapiga mlango, akawasha.

Stata ikazunguka. Ikazunguka tena, nyepesi, haraka, bila kukutana na ukinzani wowote, na hiyo peke yake ingemtosha baba yangu kusimama na kuondoka. Injini yenye afya huisumbua stata kidogo. Akajaribu mara nyingi, betri ikaanza kulegea, halafu injini ikashika. Moshi uliotoka uliufunika ua mzima, mweupe na wa bluu umechanganyika, kuku wakakimbilia jikoni, na ndani ya ule moshi zikasikika pistoni. Zilikuwa zinagonga kama watu wanaotwanga vinu vinne bila kupokezana. Sasa hakuna aliyehitaji kulelewa Chunya ili azisikie.

Akatia gia, tukapanda. Mteremko ule wa kwetu si mrefu, mimi huupanda na kapu la majani limejaa mgongoni. Pijo ilifika nusu, ikakohoa, ikafa. Ikaanza kurudi nyuma na sisi ndani. Ndugu Ackson alikamata breki ya mkono kwa mikono miwili, Meshaki na wenzake wakaja mbio wakaweka mawe nyuma ya magurudumu, na gari likasimama limepinda.

Nikatoka. Nilizunguka mbele nikafungua boneti, mvuke ukanipiga. Nikafungua kifuniko cha kutilia oili, nikaingiza kidole. Kilitoka na povu zito la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Maji yalikuwa yameingia ndani ya oili, gasketi ilikuwa imekufa, na haikufa siku ile. Nikakisogeza kidole mbele ya uso wa mume wangu. Yeye alikwisha kuendesha lori na alijua anachokiona.

Meshaki alikitazama kidole changu, akakinusa. Kisha akageuka kule zizini, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akapaza sauti nje ya kanisa.

"Baba, injini hii ni maiti. Mke wangu aliwaambia tangu asubuhi."

Ndugu Ackson alisema mengi. Alisema nitaitwa ofisini, alisema nimemharibia gari kwa uchawi wa Chunya, alisema atajua la kufanya na familia yetu. Nikamjibu ofisini nitakwenda, na nitaeleza mbele ya wenzake chai ilikuwa inakwenda kwa shemeji wa nani. Hapo akakumbuka kwamba giza linaingia. Wanaume wakalisukuma gari mpaka juu barabarani, wakaliachia literemke na barabara, na yeye akaondoka nalo likiwa kimya, akitumaini kuliwasha huko chini. Sikupata kuitwa ofisini mpaka leo.

Lakini usidhani nilipigiwa vigelegele. Jumapili baada ya ibada Ezron aliita ukoo. Wakasema gari ni jambo moja, heshima ni jingine. Nimemkimbiza baba mkwe mbele ya wageni, kwa hiyo nilipe ng'ombe. Nilikuwa nimekaa nje ya ukuta, kama inavyotakiwa, na Atuganile ndiye aliyekuwa kati. Nikasema jibu langu kwa sauti ya kufika ndani bila kupitia kwake.

"Sitoi ng'ombe, sitoi kuku, sitoi hata yai. Nimechuchumaa miaka kumi na sita. Sikuchuchumaa ili chai yangu igeuke moshi."

Ezron alisema hajawahi kuona mwanamke wa namna hii. Mzee Ambindwile alikuwamo humo ndani na hakusema lolote, wala la kunitetea wala la kunihukumu. Kikao kikavunjika bila neno la mwisho, na hilo ndilo lililonitia hofu. Siku zilizofuata nikasikia kwamba daktari mmoja wa misheni anauza gari lake, zima kabisa, lisilo na kasoro, na kwamba Ezron amekwenda kuliulizia. Mnunuzi wa chai angepatikana tu, kama si shemeji wa huyu ni shemeji wa yule. Gari la safari hii nisingeweza kuliona kasoro. Kila nilipokuwa nachuma, nikisikia mngurumo barabarani niliinua kichwa nikasubiri mpaka upite. Nilikuwa nachuma vibaya, nachanganya majani makomavu na machanga, na karani wa lori alinikemea.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa umelala juu ya shamba kiasi cha kutoona mstari wa pili. Nikasikia fimbo kwenye mawe ya njia ya chini. Nilimjua kwa mwendo, goti la kushoto linavutwa. Mzee alikuwa anakuja shambani, na sikuwa na shaka anakuja kukanyaga mipaka, safari hii peke yake, bila kelele. Mila ilinitaka nijitupe chini kati ya mistari, nijifunike, nimpe mgongo. Kapu lilikuwa limejaa mgongoni, kiuno kinauma, na nilikuwa nimejifunga gunia la kuchumia badala ya khanga. Nikasema moyoni, anitoe shambani, lakini anitoe huku ananitazama.

Nikabaki nimesimama, uso wazi.

Alitokea kwenye ukungu akasimama mbele yangu. Nilimtazama baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemwogopa kama mtu mkubwa sana, kumbe alikuwa mfupi kuliko mimi, kidevu cha Meshaki kabisa, na macho yenye maji ya uzee. Naye alinitazama bila haraka. Akanisalimia kwa Kinyakyusa kama unavyomsalimia mpita njia, nikaitikia. Halafu akanyoosha fimbo akagusa kapu langu, akaendelea kwa lugha ile ile ya nyumbani, uso umekunjamana.

"Wewe mama ni mke wa nani? Ondoka humu na majani hayo uliyoyaiba. Chai hii ina mwenyewe, ni ya mkamwana wangu. Nimelikataa hata gari zima la misheni kwa ajili yake. Akikukuta humu hutapona, mimi mwenyewe alinikimbiza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yote isipokuwa hayo, na machozi yalinitoka mbele yake bila hata khanga ya kuyaficha.

"Ndiye mimi, baba," nikamwambia.

Hakukimbia. Aliegemea fimbo yake akanitazama tena, taratibu, kuanzia kichwani, kisha akaniuliza majani ya wiki hii yamepatikana vipi.